UZI: Watoto watano wa Askofu Tozer, mama yake Swema, na hivi vituo vyetu vya yatima

Mtu_wa_Mkunazini (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Ukikaa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, miezi ya Juni na Julai utawaona. Kundi la vijana kutoka Marekani au Uholanzi, fulana za rangi moja zenye mstari wa Biblia mgongoni, mabegi yamejaa nguo, mipira na penseli za rangi. Wamekuja wiki mbili kukaa na yatima na kuwaletea tumaini la Kristo. Kazi yangu ni ukalimani, nimezunguka nao Arusha na Moshi misimu kadhaa, na siwasemi kwa ubaya. Wengi wakiondoka wanalia machozi ya kweli. Ila kazi hii ya kuvuka bahari kumletea yatima Injili haikuanza juzi hapa kwetu. Ina zaidi ya miaka 160, na ukiifuatilia ile ya mwanzo unaanza kuona ya leo imeteleza wapi.

Agosti 1864, Askofu William Tozer wa UMCA anatua Unguja. UMCA ndiyo ile misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza iliyotokana na hotuba ya Livingstone pale Cambridge mwaka 1857. Jaribio lao la kwanza, Magomero katika Malawi ya leo, lilikwenda vibaya. Askofu Mackenzie alifariki Januari 1862, na baadhi ya wenzake wakafa pia. Tozer akaona bora ahamie Unguja ajipange upya. Hana waumini, hana shule. Sultani Majid akamkabidhi watoto watano wa kiume waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Watano tu! Leo Mwanglikana wa Unguja au Masasi akiuchimba mzizi wa kanisa lake, hapo ndipo jembe linapogonga.

Hawa walikuwa yatima wa namna gani? Waliuzwa. Waliletwa pwani kutoka bara, wengine upande wa Ziwa Nyasa, kijiji kimechomwa, ndugu wametawanyika, na wadogo kabisa hata lugha ya kwao ilikuwa inawatoka. Mwaka 1887 A. C. Madan wa misheni hiyo alichapisha Uingereza maelezo ya vijana wa shule ya Kiungani, waliyoyaandika wenyewe kwa Kiswahili: nani aliwateka, waliuzwa kwa nani, wakapita mikono ya watu wangapi mpaka baharini. Kijana kama huyo ungesema umrudishe kwao, ungemkabidhi nani? Njia ya kurudi ndiyo ile ile ya misafara. Angefika katikati, akauzwa tena.

Kwa hiyo misheni ikawa ndugu, kwa kuwa ndugu mwingine hakuwepo. Wavulana Kiungani. Wasichana Mbweni, shamba lililonunuliwa 1871, ambako Caroline Thackeray alifika 1877 akaongoza shule mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, akafia huko huko Unguja na kaburi lake liko Mbweni. Walikua, wakaoana, wakapata wakwe, wakazaa. Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka na kundi la walioachiwa huru kuelekea bara, wakaweka makazi Masasi. John Swedi, mmoja wa wale watano, alipewa ushemasi 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa akiwa mtoto, alipewa upadre 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa UMCA, akafanya kazi Chitangali kwa Wayao wenzake. Na vijana wa Kiungani ndio waliokuwa wakipanga herufi za risasi kwenye kiwanda cha chapa cha misheni. Mwaka 1888 walikuwa na jarida lao, Msimulizi. Tukisifia Kiswahili sanifu huwa tunamtaja Steere, hawa vijana wenye wino vidoleni tunawasahau.

Sijaja kuwapaka watu mafuta. Mbweni wasichana waligawanywa, waliofanya vizuri darasani wakawa walimu na wake wa walimu, wengine wakaelekezwa kufua, kupika na kushona. Kule Bagamoyo mapadre wa Roho Mtakatifu, waliohamia kutoka Unguja mwaka 1868, walikuwa wakinunua watoto sokoni kwa michango ya waumini wa Ulaya. Mtoto amekombolewa, sawa, lakini mwenye kuuza naye amepata mteja wa uhakika.

Na hapo ndipo anapoingia Swema, binti wa Kiyao. Baba yake alikufa. Mama akakopa nafaka, akashindwa kulipa, mdai akamchukua mtoto. Mama hakukubali kuachana naye, akaufuata msafara mpaka nguvu zikamwishia, akaachwa porini. Swema alifika Unguja mwaka 1865 hali mahututi, wakamwona hafai tena, wakamzika kaburi la juujuu angali anapumua. Kijana mmoja akasikia mtu anagumia chini ya udongo, akamfukua, akampeleka kwa masista. Akapona, akabatizwa. Mwaka 1870 hadithi yake ilichapishwa Ufaransa ikasomwa na wachangiaji wa misheni. Ingekuwa leo angewekwa kwenye bango la harambee.

Mimi hadithi ile huwa inanikwamia kwa mama. Deni la nafaka! Angelipiwa lile deni kule kwao, pasingekuwa na msafara wala kaburi, na hata yatima mwenyewe asingekuwepo.

Sasa njooni leo. Kuna kituo kimoja kanda ya kaskazini, sitakitaja. Watoto wamepangwa mstari, wafupi mbele, wanaimba. Mgeni mmoja mama wa makamo akampigia goti binti wa miaka kama saba, akaniambia nimfasirie: ingawa huna mama, Yesu anakupenda kuliko mama. Nikafasiri. Binti hakumtazama yule mgeni, alitazama getini. Nje ya seng'enge alisimama mwanamke mwenye beseni la ndizi mbivu kichwani. Mlezi wa zamu akanisogelea: "Yule ndiye mama yake. Siku za wageni hawaruhusiwi kuingia." Mgeni akauliza dada kasema nini. Nikamjibu anasema chakula kiko tayari.

Yule mama si kwamba hampendi mwanawe. Amepiga hesabu. Ada ya shule za serikali imefutwa tangu Januari 2016, lakini sare, viatu, madaftari na michango bado vipo, na kituoni mtoto anasoma shule ya basi la njano na anakula nyama Jumapili. Ukiweka chakula, shule na daktari ndani ya uzio halafu nje usiweke kitu, wazazi watawaleta watoto kwenye uzio. Hata mimi ningemleta wangu.

Na hili si la kwetu peke yetu. Mnaikumbuka Haiti? Tetemeko lilipiga tarehe 12 Januari 2010. Kabla mwezi haujaisha Wabaptisti 10 kutoka Marekani wakakamatwa wakielekea mpaka wa Jamhuri ya Dominika na watoto 33, bila hati za kuwatoa nchini. Walisema wanaokoa yatima. Ikaja kuonekana wengi wana wazazi hai, waliowatoa kwa ahadi ya shule na maisha mazuri.

Ndiyo maana nasema tunatumia dawa ya 1864 kwa ugonjwa mwingine kabisa. Tozer alipokea watoto ambao kweli hawakuwa na wa kuwapokea. Sisi tunawajengea bweni watoto ambao mama yao anauza ndizi getini. Na mstari unaoandikwa kwenye zile fulana, Yakobo 1:27, unasema "yatima na wajane katika dhiki yao". Wametajwa pamoja kwa sababu mara nyingi wanaishi nyumba moja, tena wanalala kitanda kimoja. Fulana nyingi nilizoziona mjane wamemkata.

Nawasilisha.

Katekista_Mstaafu

Mleta uzi umeandika vizuri, lakini mimi nitakuwa upande wa pili kidogo.

Nimetumika usharikani Kagera. UKIMWI ulipoanza kuonekana hospitali ya Ndolage mwaka 1983 nyie wengi hamjazaliwa. Kufikia miaka ya tisini tulikuwa tukizika mpaka mbao za majeneza zinaadimika. Ulikuwa unakuta nyumba mkubwa ana miaka kumi na mbili, analea wadogo zake wanne. Shangazi kafa, baba mdogo kafa, bibi haoni. Usiniambie habari ya ndugu wakati ndugu wote tumewalaza migombani.

Wakati ule aliyekuja na gari, unga na dawa kwa jina la Yesu tulimpokea, awe Mswidi awe Mjerumani. Wapo watoto wachanga waliookotwa wakalelewa vituoni na leo ni manesi na mafundi umeme. Ukifunga vituo vyote kwa sababu ya yule mama wa ndizi, mtoto aliyetupwa jalalani leo usiku utampeleka wapi?

Mtu_wa_Mkunazini

Shikamoo mzee. Hapo tunakubaliana, sijasema vifungwe vyote. Kichanga kilichookotwa usiku kinahitaji mahali pa kulala usiku huo huo. Ninachouliza ni kwa nini anakuwa bado pale akiwa na miaka kumi na tano.

Na mzee kwa kuwa umeigusa Kagera: Nshamba, wilaya ya Muleba, kuna shirika linaitwa Kwa Wazee, tangu 2003. Si la kanisa. Wao badala ya kujenga bweni waliamua kumpa bibi anayelea wajukuu pensheni ya kila mwezi. Bibi anapokea hela mkononi, anaamua mwenyewe sabuni au mahindi, mjukuu anabaki kwenye migomba ya babu yake. Ningefurahi wazo kama hilo lingetoka kwetu wenye Yakobo 1:27.

Katekista_Mstaafu

Marahaba. Hilo nalijua na ni kweli. Lakini bibi naye hufa.

Kengeleni_Boy

Salamu kutoka Mombasa. Mmeitaja Unguja na Bagamoyo mkasahau ng'ambo ya Nyali. Hapa kwetu Kisauni ndiko Freretown, ilianzishwa na CMS, misheni nyingine ya Kianglikana kutoka Uingereza, mwaka 1875, Mchungaji William Salter Price ndiye alikuja kuisimamisha, na jina ni la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyepigania kukomesha biashara ya watumwa. Kengele bado iko pale Kengeleni kwenye makutano ya barabara, matatu zinaizunguka kila siku na makanga wanapiga kelele "Kengeleni! Kengeleni!" bila kujua ilikuwa ya nini.

Kuna sehemu watu hawaijui. Kabla ya Freretown, watoto waliookolewa na manowari za Waingereza baharini walikuwa wakipelekwa Bara Hindi. CMS walikuwa na makao Sharanpur, karibu na Nasik, wakiwasomesha Biblia, Kiingereza na ufundi: useremala, uhunzi. Wakaja kuitwa Wabombei. Jacob Wainwright ni mmoja wao. Alikuwa kwenye msafara ulioleta maiti ya Livingstone pwani, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza Westminster Abbey. Wengine walirudi Mombasa wakawa uti wa mgongo wa misheni ya Rabai na Freretown. William Jones na Ishmael Semler walipewa ushemasi mwaka 1885. Hebu fikirieni: mtoto wa Kiafrika, yatima, kalelewa Bara Hindi na kanisa la Uingereza, anarudi Mombasa kuwahubiria watu ambao si kabila lake. Nyumbani kwake ni wapi hapo?

Na mleta uzi umefanya vizuri kutopaka mafuta. Freretown ilikuwa na viboko. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 kulizuka kashfa ya jinsi msimamizi alivyokuwa akiwachapa watu, ikafika mpaka London, na Price akabidi arudishwe kuja kutuliza mambo. Watu walitoka kwenye kiboko cha mwenye jahazi wakakikuta kingine kinachosali asubuhi.

Lakini koo zilitoka hapo. Mzee James Mbotela aliyeandika Uhuru wa Watumwa, 1934, ni mtoto wa Freretown. Wasomi wanakilaumu kile kitabu kwamba kinawasifu Waingereza kupita kiasi, nami naona lawama ina haki. Ila muulize mtu ambaye baba yake alitolewa kwenye tumbo la jahazi, usitarajie atalalamika kwanza kuhusu ukoloni. Na Leonard Mambo Mbotela, ile sauti ya "Je, huu ni ungwana?", ni wa ukoo huo huo.

Abu_Maimuna

Assalaam alaykum, na wasiokuwa wa salamu hiyo habari zenu.

Nimesoma kwa utulivu. Mimi ni Muislamu wa Unguja na nina swali ambalo wote mmeliruka. Wale watoto watano wa Majid nani aliwauliza wanataka dini gani? Na wale wa Mbweni? Mtoto akishuka jahazini na njaa, ukampa wali na shuka, halafu ukamwambia piga magoti, hapo amechagua nini? Mpaka leo yapo maeneo yenye Waislamu wengi, mtoto wa Kiislamu anaingia kituo cha misheni anatoka anaitwa Emmanuel, na shangazi yake aliyemleta kwa ajili ya shule anakuja kugundua siku ya mahafali.

Sisi kumlea yatima ni ibada kubwa, lakini tumeambiwa tusimfutie nasaba yake. Anabaki na jina la baba yake. Nasema hilo tu.

Mtu_wa_Mkunazini

Wa alaykum salaam sheikh. Swali zito na nitalijibu bila kuzunguka.

Wale watano hawakuulizwa. Na aliyewatoa, Sultani, naye hakuwauliza. Lakini walikua. Swedi hakupewa ushemasi akiwa mtoto, ilikuwa miaka 15 baada ya kukabidhiwa. Majaliwa angeweza kubaki mjini akala mshahara kwa kile Kiingereza chake, akaenda Chitangali kwenye simba na njaa. Mtu mzima akifanya hivyo naamini ameshaichukua imani ikawa yake.

Ila kwa mtoto wa leo mwenye shangazi anayejulikana, nakuunga mkono bila masharti. Imani ya mtoto iko mikononi mwa walezi wake. Kituo kikimbadilisha jina kimyakimya, huo ni wizi. Mimi Mkristo na naamini Kristo ni tumaini la yatima. Siamini kwamba anahitaji kusaidiwa na sahani ya wali yenye masharti.

Abu_Maimuna

Hapo tumeelewana. Endelea.

Niliyelelewa_Huko

Huwa nasoma tu humu, leo nimeona niandike.

Nimelelewa kituo cha misheni kuanzia miaka sita mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Baba alifariki, mama yupo, yuko hai mpaka sasa. Sitasema mkoa.

Nianze na barua. Kila mtoto alikuwa na mfadhili wake ng'ambo. Kila baada ya miezi kadhaa tunakaa darasani, mwalimu anaandika ubaoni: "Mpendwa mfadhili, mimi ni mzima wa afya, namshukuru Mungu kwa ajili yako. Ninapenda hesabu." Tunanakili. Mimi hesabu nilikuwa nazichukia. Mwisho unachora ua au nyumba. Kwenye ule mchoro siku moja nilichora mama na mbuzi wetu. Mwalimu akanipa karatasi nyingine akasema wafadhili watachanganyikiwa. Hakunigomba, alisema kwa upole kabisa, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Wageni wa kila mwaka tuliwapenda. Tulijua yupi ana peremende. Wanakuja, unamzoea mmoja, anakubeba mgongoni, anakuambia atarudi. Baada ya miaka mitatu ya hivyo unajifunza kumkumbatia mtu bila kumshika. Watoto wadogo waliokuwa wanakimbilia mgeni yeyote wageni walisema "wana upendo sana." Hawakuwa na upendo, walikuwa wanajaribu bahati.

Lakini wakuu msije mkadhani imani sikuipata pale. Niliipata. Kulikuwa na mama wa zamu ya usiku, mjane, wa kijiji cha jirani. Mtoto akiota vibaya alikuwa anakuja na taa ya chemli, anakaa chini kwenye zege, anaimba pole pole tenzi zile za zamani mpaka mtoto alale. Hakuna mgeni aliyewahi kumpiga picha kwa sababu wageni usiku walikuwa hotelini. Alilipwa kidogo mno, nimekuja kujua ukubwani. Mimi nikisoma Yohana 14:18, "sitawaacha ninyi yatima", sauti ninayoisikia ni ya huyo mama.

Shida ilikuja nilipotoka. Miaka kumi na nane, cheti, begi, Biblia, na nauli. Narudi kijijini sijui kulima, sijui kuchunga, lugha ya nyumbani nasikia nusu. Kwenye kikao cha ukoo cha kugawa shamba la marehemu babu, baba mkubwa akasema "huyu ni wa Wazungu, ana wenyewe." Nikakosa shamba hivi hivi. Mama alilia, mimi sikulia, sikuwa nimewazoea kiasi cha kulia mbele yao.

Nasoma habari za Masasi na Mbweni, waliotoka wote pamoja, wakaoana, wakapewa ardhi wakaanza kijiji. Nawaonea wivu kidogo, Mungu anisamehe.

Katekista_Mstaafu

Mwanangu, nimesoma mara mbili. Pole. Baba mkubwa wako alikosea, na kanisa lilipaswa kuwa limekaa kwenye kile kikao upande wako.

Mchungaji_Kijana

Aisee @Niliyelelewa_Huko, asante.

Naongeza jambo dogo. Wengi wakitetea vituo wanamtaja George Müller, yule Mprusi aliyekwenda Uingereza akalea yatima zaidi ya 10,000 kule Bristol bila kumwomba mtu senti, kwa maombi tu. Mimi mwenyewe nimemhubiri mara nyingi. Ila nilipofuatilia masharti yake ya kupokea mtoto nilishangaa. Alitaka ithibitike kwamba baba NA mama wote wamekufa. Aliyebakiwa na mmoja hakumpokea. Alianza mwaka 1836, enzi zile Bristol maskini walikuwa tele na angejaza nyumba kwa siku moja. Kwa kipimo hicho sijui vituo vyetu vingapi vingebaki na watoto.

Kengeleni_Boy

Kwetu Kenya serikali ilisimamisha usajili wa vituo vipya tangu Novemba 2017, na Sheria ya Watoto ya 2022 imeweka familia mbele, na upo mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Kwenye karatasi poa sana. Mashinani, wengine wamebadilisha tu kibango, jana "Children's Home" leo "Academy", vitanda ni vile vile.

Mzee_wa_Kanisa_Mvomero

Wakuu nina jambo la kweli mezani, naomba mnisaidie maana kikao ni Jumamosi.

Kanisa letu lina marafiki Texas. Watu wazuri, wanatuombea, walituchimbia kisima. Mwaka huu wamesema Mungu amewawekea mzigo wa yatima na wana fedha ya kujenga bweni la vitanda 60. Tulipohesabu watoto waliofiwa wazazi wote wawili kwenye kata nzima tukapata tisa, na wote wako kwa ndugu. Mwenyekiti wa ujenzi anasema tukikataa bweni fedha itakwenda kanisa lingine. Kusema kweli naye ana hoja. Tufanyeje?

Mtu_wa_Mkunazini

Mzee, msiwajibu "hapana". Wapelekeeni ile hesabu yenu ya kata. Waambieni tisa wako kwa nani, mlezi anaitwa nani, anakosa nini. Mwingine atakosa bati, mwingine mtaji wa genge, mwingine nauli ya kliniki ya mtoto. Wamarekani ninaowajua mimi wanapenda hesabu iliyonyooka kuliko tunavyodhani. Tatizo sisi huwa tunawapelekea hadithi.

Pili, mhusisheni afisa ustawi wa jamii wa wilaya mapema. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 huwezi kufungua makao ya watoto bila leseni. Mkijenga kwanza mkaomba baadaye mtakuwa na jengo la kufugia popo.

Tatu, kama wanataka mfano wa mmisionari mwenzao, wapeni Lillian Trasher. Mmarekani, alikwenda Misri akaanza kulea yatima Asyut mwaka 1911, mpaka alipofariki 1961. Pale kwake wajane nao walipokelewa pamoja na watoto wao, hakumwacha mama nje ya geti. Alikaa miaka hamsini mahali pamoja, wala si wiki mbili. Hilo nalo waambieni taratibu.

Wakitaka kuja waje. Wakae kwa wale walezi, wapige tofali na vijana, wasali nao jioni. Wasipangiwe watoto mstari wa kuimba.

Niliyelelewa_Huko

Nami naomba niongeze kwa mzee wa Mvomero. Hao tisa wakisaidiwa, msaada upite kwa mlezi, na mtoto mwingine wa nyumba hiyo asiyekuwa yatima apate sare siku hiyo hiyo. Vinginevyo mtamfanya yule yatima achukiwe ndani ya nyumba.

Mzee_wa_Kanisa_Mvomero

Nimeandika yote. Kuna kajambo kamebaki, mnivumilie. Vijana kwa furaha wameshafyatua tofali 4,000 za bweni na zimechomwa. Mwenyekiti wa ujenzi hatoki kikaoni bila jibu la tofali.

Mchungaji_Kijana

Katika hao walezi tisa wangapi nyumba zao ni za udongo?

Mzee_wa_Kanisa_Mvomero

Wanne. Mmoja ukuta wa nyuma ulianguka masika haya.

Katekista_Mstaafu

Basi mwenyekiti ana kazi. Aanze na huyo wa ukuta.